Niliingia Nyamuswa kwa Piano

Siku ya harusi yangu nusura nirudishwe kwetu Buhare, na gauni langu, na shela langu, na maua ya plastiki mkononi, kwa sababu ya kaseti. Hakukuwa na mwanamume mwingine wala mimba iliyofichwa, mambo ambayo ndiyo huwa yanarudisha mabibi harusi wenzangu. Ilikuwa kaseti ya dakika sitini. Nasema mapema ili wanaopenda kusikia habari za watu wasikae wakingoja uchafu. Na kosa lilikuwa langu, ingawa siku ile nililigawa kwa kila aliyesimama karibu.

Mimi ni mtoto wa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, tukapanga ya sabuni, tukapanga ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na siku nyingine tulipanga kwanza ndipo tukaulizana kinachouzwa ni nini. Baba alikuwa karani wa ofisi ya serikali pale Musoma na alikuwa na redio ya kaseti, kitu cha heshima kubwa, lakini betri hazikuwepo. Zilizokwisha tulizianika juani pamoja na dagaa ili zipate nguvu tena. Kwa hiyo redio ilifunguliwaga wakati wa taarifa ya habari tu, na sisi watoto tulijifunza muziki wa aina mbili. Wenye maneno ulikuwa wa watu wazima kufurahi. Usio na maneno, ukipigwa taratibu katika saa isiyokuwa yake, ulikuwa na maana moja tu nchi nzima. Mama anatua sufuria chini, baba anavua kofia, tunangoja sauti iseme “Ndugu wananchi,” ili tujue ni mkubwa gani amefariki.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo, akiwa na akili zake timamu, anawezaje kuingia ukweni kwa muziki usio na maneno? Ndiyo nataka kueleza.

Mambo ya biashara yaliporuhusiwa, yaliruhusiwa yote kwa mpigo. Duka la ushirika la mtaa wa Mukendo, ambalo nilikuwa nimelipangia foleni utoto wangu wote, likawa ukumbi wa video. Zile rafu za mbao ambazo hazikuwahi kubeba kitu zikashushwa zikawa mabenchi, na kwa mara ya kwanza zikafanya kazi. Mimi wakati huo nilikuwa mpiga chapa ofisini, nina mshahara, nina viatu vya mtumba vya kisigino, najiona. Jumamosi mchana nilienda video.

Kule ndiko nilikoijua piano. Walioizoea sinema walinielimisha kwamba piano ina kazi mbili: ikianza kulia, ujue ama watu wanataka kubusiana ama mtu anataka kufa. Ndiyo maana wanaume wote walikohoa ilipoanza. Jumamosi moja akatokea dada wa Kizungu juu ya ngazi, amevaa nguo nyeupe ndefu, anashuka polepole. Chini kuna watu wengi na wote wamenyamaza, hakuna anayemwambia shika gauni, hakuna anayemwambia tabasamu, ni piano tu inalia. Akiwa katikati ya ngazi umeme ukakatika, tukarudi makwetu. Mpaka leo sijui alikuwa anashuka kwenda kufanya ipi kati ya zile kazi mbili.

Lakini jambo lile lilinikaa moyoni. Kwetu tulizaliwa tisa katika nyumba ya vyumba viwili, na sisi watu wa ziwani tunaongea kama tuko mitumbwi miwili tofauti. Sikuwahi kukaa dakika moja bila mtu kunielekeza, kunituma au kunisema. Nilitaka siku moja tu katika maisha yangu watu wanitazame bila kuniambia kitu. Niliitaka sana, na sioni haya kusema.

Karibu na soko kulikuwa na fundi wa kurekodi, mwenye redio ya kaseti mbili na dharau za watu wanne. Ukutani kwake alibandika orodha ya nyimbo za dansi, za kwaya na za taarabu. Nilipomwambia nataka piano za sinema alinitazama kama nimeomba supu ya mawe. Hata hivyo alikuwa nayo, kaseti iliyotoka mpakani Sirari pamoja na sabuni, nyimbo za sinema mbalimbali zilizopigwa kwa piano mwanzo mpaka mwisho.

“Dada, hii haina mwimbaji,” aliniambia. “Ukifika nyumbani usirudi kulalamika kwamba sauti imepotea.”

Aliniambia nije na kaseti yangu mwenyewe ya kurekodia. Nikachukua ya baba, iliyokaa kabatini tangu zamani. Ilikuwa hotuba ya mkubwa mmoja wa kilimo kuhusu pamba, ambayo baba alipewa ofisini aiandike, akaiandika, na hakuna mtu aliyewahi kuiulizia tena. Fundi akarekodi piano juu ya hotuba. Ila kwa ustadi wake, kati ya wimbo na wimbo aliacha mkanda utembee kidogo bila kurekodi kitu. Ati piano inatakiwa ipumue.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Mtu mwenye akili angesikiliza kaseti yote. Mimi nilisikiliza wimbo wa kwanza, nikaurudisha mkanda nyuma kwa biki ili nisimalize betri, nikausikiliza tena, nikaurudisha tena kwa biki. Betri zilikuwa zimejaa madukani wakati huo, lakini mkono wangu ulikuwa bado haujapata habari. Ule wimbo wa kwanza niliusikia labda mara mia. Kilichofuata baada yake sikukisikia hata mara moja.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu, mtu wa Nyamuswa, watu wa ng'ombe. Kwao walikuwa wanaharakisha harusi kwa sababu bibi mzaa baba yake alikuwa mgonjwa na walitaka awahi kuiona. Upande wetu iliundwa kamati, na mwenyekiti akawa shangazi yangu, mwanamke aliyewahi kuendesha mkutano wa upatu akiwa na malaria na akaufunga kwa wakati. Alipoisikia piano aliusikiliza wimbo mpaka mwisho.

“Huu muziki hauna maneno,” alisema. “Watu watajuaje kwamba wafurahi?”

“Shangazi, siku hizi watu wanafurahi kimyakimya.”

“Wapi?”

“Ulaya.”

“Wewe unaolewa Nyamuswa,” akasema shangazi, akaandika kwenye daftari lake kwamba bibi harusi amekataa ushauri.

Ndoa ilifungwa kanisani Musoma asubuhi, vizuri tu, kwa kwaya. Kisha tukapanda magari kwenda ukweni. Mimi na mume wangu tulikaa mbele kwenye pikapu na dereva. Msimamizi wa mume wangu alikaa nyuma na redio yangu, amefunga juu ya pikapu spika ya mdomo mpana iliyoazimwa kanisani. Tulipofika Butiama gari likachemka, tukasimama kutia maji, na msimamizi akaona afanye majaribio. Piano ikalia juu ya barabara. Watu wakaanza kutoka kwenye nyumba zao, mmoja mmoja, kimya, na mzee mmoja akavua kofia akasogea mpaka dirishani kwangu.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa sauti ya chini, “ni nani?”

“Ni mimi, baba,” nikamjibu, nikainua maua.

Alinitazama kwa huruma kubwa sana, akarudi alikotoka bila kuvaa kofia. Nikamwambia mume wangu kwamba watu wa hapa wana adabu. Yeye mwenyewe alikuwa anapepea gauni langu ili vumbi lisikae.

Tukafika Nyamuswa. Mji wao, yaani boma la familia, ulikuwa umefagiliwa, turubai limefungwa, wanaume wamekaa chini yake kwa mistari, na wanawake wako jikoni nyuma ya nyumba kubwa. Ndani ya nyumba hiyo kubwa alilala bibi. Nilikuwa nimewaeleza wote mapema: mume wangu aende akasimame mbele ya turubai, piano ianze, nishuke polepole, na asiwepo mtu wa kupiga kelele. Ngazi za sinema hazikuwepo, nikaletewa kigoda. Piano ikalia, nikashuka.

Jamani, walinyamaza. Wanaume wa Nyamuswa, ambao hata mnadani husikika kutoka Bunda, walinyamaza wakanitazama. Nilitembea ule uwanja wa udongo na kisigino changu kinazama, nikasema moyoni kwamba hata nikifa leo nimeshaishi. Wimbo ukaisha nikiwa katikati ya uwanja. Mkanda ukakwaruza kidogo. Halafu ile spika ya kanisa, kwa sauti nzito ya serikali, ikasema:

“Ndugu wananchi. Kwa masikitiko makubwa.”

Msimamizi akashtuka akachomoa waya. Laiti angeuacha. Wangesikia kwamba masikitiko makubwa yalikuwa ya viwavi kwenye pamba, na kila mtu angerudi kwenye pombe yake. Lakini aliuchomoa pale pale, na wanaume wote chini ya turubai wakasimama na kuvua kofia, wakingoja waambiwe ni mkubwa gani.

Wanawake jikoni hawakuisikia vizuri ile sauti. Waliona tu wanaume wamesimama, kofia mkononi, kimya, siku ya harusi. Na katika mji ule mgonjwa alikuwa mmoja. Mmoja wao akaweka mikono kichwani akapiga yowe, na wengine wakapokea. Walilia kilio cha msiba kamili, cha kugaragara. Shangazi yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, alikipokea bila kuuliza nani amekufa, maana kuuliza kwanza si adabu.

Mimi nikabaki katikati ya uwanja na maua yangu. Hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Mume wangu alikuwa amekimbilia ndani kwa bibi yake, na kabla hajaufikia mlango ukafunguka. Akatoka bibi mwenyewe, amejifunga blanketi, ana fimbo, amekonda, anatweta.

“Nani amekufa?” akauliza.

Kilio kikakatika pale pale.

Sasa ukaanza mkosi wangu. Baba mdogo wa mume wangu, mtu wa hasira ambaye tangu mwanzo hakutaka binti wa ziwani, alisimama akasema kilio kimeshapigwa katika mji siku ya harusi, na kimepigwa juu ya mtu aliye hai. Binti asivuke kizingiti. Arudi kwao mpaka wazee wakae, na wakikaa wakaona vingine, ng'ombe wa mahari nao warudi. Wazee wakaenda kukaa nyuma ya zizi. Mimi nikakaa juu ya kile kigoda nilichoshukia.

Kwenye sinema, mwanamume angekuja hapo akanibeba. Wangu alikuja akachuchumaa akasema, “Tuwasubiri wazee.” Shangazi alikuja akafuta machozi ya msiba wa watu akasema, “Nilikwambia kuhusu maneno.” Nilimjibu vibaya na sitarudia hapa nilichosema. Niliogopa. Nilikuwa nampenda yule mwalimu na upole wake wote, na niliona kabisa jinsi nitakavyopita tena Butiama jioni ile, na yule mzee atakavyosema aliona mapema.

Msimamizi akabeba redio mpaka nyuma ya zizi kama ushahidi. Akawawekea wazee kile kipande cha hotuba kilichobaki, wakasikia wenyewe habari ya viwavi. Nilitegemea wacheke yaishe. Badala yake wakaanza kubishana kuhusu dawa ya viwavi, maana wote walikuwa wakulima wa pamba, na baada ya muda mrefu wakaafikiana kwamba yule mkubwa alikuwa hajui kitu. Ndipo wakakumbuka kuna bibi harusi uwanjani. Baba mdogo akasema pamba au si pamba, kilio kimepigwa.

Bibi alikuwa ameomba kiti, ameketi mlangoni muda wote huo, anawaangalia wanawake mmoja mmoja. Kumbe alikuwa anapanga hesabu zake.

“Nyinyi mlikuwa mnanililia mimi?” akauliza. Wakainamisha vichwa. Akaanza na mke wa mwanawe wa kwanza. “Wewe nilikusikia. Unajua kulia. Uji wangu wa asubuhi uliuacha mpaka ukapoa.” Akahamia kwa wa pili. “Wewe ulikuwa unatafuta jina langu, ukalikosa, ukalia ‘mama’ tu.” Akamfikia wa tatu. “Wewe sikukusikia kabisa.”

“Nilikuwa nasonga ugali, mama.”

“Ulisonga.”

Baba mdogo akaja mbio kutoka zizini. “Mama, ingia ndani upumzike. Huyu binti ametuletea kifo.”

“Ameleta kaseti,” alisema bibi. “Anayekufa ni mimi. Mimi sijakasirika, wewe unakasirika kwa niaba ya nani?” Kisha akanielekezea fimbo. Kule kwao bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwamba ni mumewe, kwa hiyo akaniita kwa haki yake. “Wewe mke mwenzangu, njoo hapa.”

Nikaenda, nikapiga magoti kwenye udongo na lile gauni.

“Wote hawa wamelia. Hata shangazi yako amelia, na hajawahi kuniona. Wewe sikukusikia.”

“Sikulia, bibi.”

“Kwa nini?”

Nilikuwa nimechoka, nimeaibika, na njaa inaniuma. Nikasema kilichokuwepo. “Nilikuwa sikujui.”

Bibi akalivuta blanketi lake vizuri. “Basi ingia ndani,” akasema, “ukae unijue. Siku yangu ikifika nitakusikiliza.” Akasogeza kiti chake akaacha mlango wazi, nikavuka kizingiti, na baba mdogo akaenda kuwachinjia watu mbuzi kwa hasira.

Yule bibi aliyekuwa anakufa aliishi miaka mingi tena, akawazika wazee wawili kati ya wale wa nyuma ya zizi. Mimi nilimjua. Nilijua kwamba uji hanywi ukipoa, kwamba anaficha sukari ndani ya blanketi kwa sababu hakuamini foleni zimekwisha, kwamba akicheka anafunika mdomo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananiambia, “Niwekee kilio changu,” nami namwekea piano, anasikiliza mpaka kwenye viwavi, anatikisa kichwa. Aliniapisha kwamba siku akizikwa iwekwe hiyo hiyo. Alitaka kuona kama safari hii watalia vizuri.

Wakati huo huo kichaa changu kikaenea. Wasichana waliokuwa harusini walikuwa wameniona nikitembea kabla mambo hayajaharibika, nao wakaitaka piano. Yule fundi wa karibu na soko alizalisha nakala kutoka kwenye ile yangu, na kwa kuwa hakuwahi kusikiliza anachorekodi, alizalisha na viwavi. Ikawa Bunda nzima, na Butiama, na Musoma mjini, bibi harusi haingii bila piano za sinema, na wimbo wa kwanza ukiisha spika inasema “Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa,” na watu wanapiga vigelegele. Waliozaliwa baadaye waliamini hayo ni maneno ya kufungulia harusi. Baba mdogo aliwaoza mabinti wanne kwa kaseti hiyo na kila mara alisimama yeye mwenyewe karibu na redio asije mtu akachomoa waya.

Bibi akafariki kweli, mchana, usingizini, uji wake ukiwa bado wa moto. Siku ya kumzika mchungaji alipomaliza sala, nilisogea penye redio nikabonyeza, kama nilivyoapa.

Piano ikalia. Kisha huko jikoni mwanamke mmoja, kwa mazoea tu, mikono ikiwa kwenye unga, akapiga kigelegele. Wakapokea wengine. Wasichana wakaanza kupiga makofi kwa mwendo ule wa kumsindikiza bibi harusi. Mke wa mwanawe wa kwanza, yule anayejua kulia, alikuwa anazungusha khanga juu ya kichwa. Mchungaji aliangalia kitabu chake. Na ilipofika “Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa,” watu wote wakaitikia kwa pamoja, “Viwavi!” na baba mdogo naye akaitikia.

Mimi nililia. Nilianza nimesimama, nikamalizia nimekaa chini, kwa sauti yangu yote ya ziwani. Nilimtaja kwa jina lake, nikataja uji, nikataja sukari ndani ya blanketi. Vigelegele vikapungua, makofi yakaisha, wakageuka mmoja mmoja wakawa wananitazama, uwanja mzima, na hakuna aliyeniambia kitu. Sikuwa na haja ya kutazamwa tena. Nilitaka tu anisikie.